SOMO LA AFYA: Moto wa gesi wa sebuleni, kuwaka vizuri hakutoshi

Leo naomba tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu tunaoishi hapa Uingereza tunacho sebuleni. Kuanzia mwezi wa 10 hadi wa 4 tunakikumbatia kama ndugu wa damu, miezi mingine hatukifikirii hata kidogo. Nazungumzia ule moto wa gesi uliokaa ukutani, pale ambapo wenyeji zamani walikuwa wanachoma makaa ya mawe. Nyumba nyingi za zamani, hasa hizi zilizoshikana ukuta kwa ukuta ambazo ndizo tunazopangishwa, bado zinao.

Mimi si fundi wa gesi. Kazi yangu ni uuguzi. Lakini somo hili nimelipata ndani ya nyumba yangu mwenyewe, tena kwa aibu, kwa hiyo nianze na hapo.

YALIYOTUKUTA

Mwaka 2006 tulikuwa tunakaa Leicester, nyumba ya kupanga, familia mbili ndani. Sebuleni kulikuwa na moto wa gesi wa zamani wenye makaa ya bandia. Mwenye nyumba alikuwa anatuzungusha kuhusu matengenezo, leo kesho, leo kesho, mpaka tukaamua kujifanyia wenyewe. Palikuwa na kaka mmoja wa kwetu, mcheshi, mtu wa watu, ambaye alikuwa anatengeneza kila kitu: mashine za kufulia, madishi ya satelaiti, magari. Akaja siku ya Jumapili. Akafuta vumbi, akafyonza uchafu wa mbele kwa mashine ya kusafishia zulia, akawasha. Moto ukawaka vizuri kabisa. Akasema hii iko poa, baridi yote mtaisahau. Tukampa paundi 20 na sahani ya pilau, tukaagana kwa shukrani.

Hakuutoa ule moto ukutani. Wakati ule hatukujua kwamba kazi yenyewe iko huko nyuma.

Mwezi wa 11 mama mkwe wangu akaja kututembelea kutoka Tanga. Yeye ndiye aliyekuwa anashinda nyumbani kutwa nzima, shuka mabegani, amesogeza kiti karibu na moto. Haikupita wiki mbili akaanza kuumwa kichwa. Kisha kichefuchefu. Kisha uchovu wa kushindwa hata kupanda ngazi. Tukasema ni baridi hajaizoea. Tukasema ni presha. Tukasema ni upweke, maana mtu mzima aliyezoea kukaa barazani na majirani umemfungia ndani ya kuta nne. Ndugu mmoja akaanza kunong'ona mambo ya kijicho. Mimi mwenyewe nilikuwa nafanya shifti za usiku, narudi asubuhi nalala pale pale kwenye kochi, naamka kichwa kizito kama nimepigwa. Nikadhani ni kazi.

Jambo moja lilikuwa mbele ya macho yetu na hatukuliona. Kila tulipompeleka mama kwa jamaa zetu Coventry kulala siku mbili, alikuwa anapona. Anacheka, anakula, anaomba chai ya pili. Akirudi kwetu, kesho yake kichwa. Nami niliyekuwa napima wagonjwa wodini kila siku sikuunganisha.

Kilichotuokoa ni kwamba mwenye nyumba hatimaye alileta fundi wa ule ukaguzi wa kila mwaka. Kijana wa Kiingereza, ana kadi yake. Alifungua skrubu, akautoa moto mzima na kuuweka juu ya shuka alilolitandika sakafuni. Nyuma yake, ndani ya tundu la dohani, yaani lile bomba la matofali linalopandisha hewa chafu hadi juu ya paa, kulikuwa na rundo: vijiti vya kiota cha ndege, vipande vya matofali na masizi, vimejaa karibu kufika kwenye mdomo wa moto. Akawasha kitu kidogo kinachotoa moshi mwingi. Moshi haukupanda. Ulirudi sebuleni, ukatambaa hadi kwenye mapazia. Akafunga gesi, akabandika karatasi ya onyo, kisha akageuka akaniuliza swali moja tu: "Nani anaumwa kichwa humu ndani?"

Mama alipona baada ya siku chache na akarudi Tanga akiwa mzima. Hadi leo akisimulia anasema Ulaya walitaka kumuua kwa moto usio na moshi. Na kusema kweli, hajakosea.

SUMU YENYEWE NI IPI

Hakuna mtu wa kwetu asiyejua habari ya jiko la mkaa. Umesikia tangu utoto kwamba usilale na jiko la mkaa chumbani, na pengine unamjua mtu aliyelala nalo hakuamka. Sasa ile sumu inayoua kwenye jiko la mkaa ndiyo hiyo hiyo inayoweza kutoka kwenye moto wa gesi. Inaitwa kaboni monoksaidi. Inatokea pale kitu chochote chenye kaboni, iwe mkaa, kuni, mafuta ya taa au gesi, kinapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, haiwashi macho.

Ikiingia mapafuni inashikana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, na inashikana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ni kama daladala ambayo viti vyote vimekaliwa na watu wasiotaka kushuka: oksijeni inabaki kituoni. Ubongo na moyo ndivyo vinavyoumia kwanza, kwa sababu ndivyo vinavyohitaji oksijeni nyingi. Watoto wadogo, wazee na wenye ugonjwa wa moyo wanaumia haraka zaidi. Mama mjamzito awe na tahadhari ya pekee, maana mtoto tumboni anaweza kuathirika hata kama mama mwenyewe hajisikii vibaya sana.

Hapa wengi wanachanganya mambo mawili, naomba tuyatenganishe. Gesi ya kupikia na kupasha nyumba joto imewekewa harufu kali makusudi ili ikivuja uisikie. Hiyo hatari yake ni mlipuko na moto. Kaboni monoksaidi ni kitu kingine. Inazalishwa na gesi INAPOUNGUA VIBAYA, na hainuki kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbona sisikii harufu yoyote", mwambie hilo halina maana.

UKIENDA KWA DAKTARI SEMA HIVI

Dalili ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kutapika, uchovu, kuhema kwa shida, na kuchanganyikiwa. Zinafanana mno na mafua makali, tofauti ni kwamba kwa kawaida huwa hakuna homa. Na majira ya baridi kila mtu ana mafua, kwa hiyo GP wako akisikia "naumwa kichwa na nimechoka" kuna uwezekano mkubwa wa kurudishwa nyumbani na ushauri wa kunywa maji na Panadol. Sisi tena wengine Kiingereza chetu tukiwa mbele ya daktari kinapungua, tunafupisha maelezo, tunataka tutoke haraka. Usifupishe hapa.

Mwambie mambo haya waziwazi: nyumbani tuna moto wa gesi, tunaoumwa ni zaidi ya mmoja, nikitoka nje ya nyumba napata nafuu, nikirudi naumwa tena. Kama mna paka naye analala ovyo au anatapika, litaje na hilo, usione haya. Kisha omba kupimwa damu kwa ajili ya kaboni monoksaidi. Una haki ya mkalimani wa NHS bila malipo. Uliza mapema unapopanga miadi, na usimtumie mtoto wako wa miaka 9 kutafsiri jambo kama hili.

Kuna mambo mawili ambayo kama muuguzi napenda uyajue. La kwanza, kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinadanganywa na sumu hii. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 na mtu yuko hatarini, kwa sababu kifaa cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu. La pili, ukiwa kwenye hewa safi sumu inatoka mwilini taratibu, baada ya saa kadhaa kiasi chake kinakuwa kimeshuka sana. Ukisubiri hadi kesho kutwa, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha hauna kitu. Kwa hiyo muda wa kupimwa ni siku hiyo hiyo. Na mtu akizimia, akichanganyikiwa au akishindwa kuhema vizuri, mtoe nje kwenye hewa na piga 999 papo hapo.

SEVISI YA KWELI INAFANYIKAJE

Ninataka ujue kazi hii inavyofanyika, ili siku fundi akiwa sebuleni kwako uweze kutambua kama kafanya kazi au kapita tu.

Kwanza, moto lazima utolewe ukutani. Sijui nilisemeje hili kwa nguvu zaidi. Moto uliokaa mbele ya dohani ya zamani una nafasi nyuma yake, na nafasi hiyo ndiyo inayokusanya vitu vyote vinavyodondoka kutoka juu: vumbi la chokaa, matofali yaliyolegea, masizi ya enzi za makaa ya mawe, na viota. Ndege wanajenga viota kwenye madohani wakati wa machipuo, wewe huna habari kwa sababu umeshazima moto, kisha mwezi wa 10 unawasha. Fundi atachungulia nyuma, atasafisha, ataangalia pia lile bati linalozibia tundu la ukutani na utepe wake kama bado vimeshika.

Kisha atapima kama dohani inavuta. Anawasha kidonge cha moshi ndani ya tundu na kuangalia kama moshi unapanda, na anatoka nje kuangalia kama unatokea kwenye mdomo wa dohani yako na si kwa jirani au ndani ya chumba cha juu. Ukimwona fundi amesimama barabarani anaangalia paa lako, usimcheke, huyo anafanya kazi.

Atasafisha bana, yaani sehemu inayotoa ndimi za moto, kwa sababu manyoya ya paka na nyuzi za zulia huziba vitundu vyake na kuharibu mchanganyiko wa gesi na hewa. Atapima gesi inayoingia kama ni ya kiasi alichoandika mtengenezaji. Atajaribu kile kifaa cha usalama kinachokata gesi moto unapozimika. Kama ni moto wa makaa ya bandia, atayapanga kipande kwa kipande kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji, kwa maana yakikaa vibaya tu yanagusa ndimi za moto na kuzalisha sumu. Ndiyo sababu nakuomba usiyatoe kuyaosha na kuyarudisha unavyoona yanapendeza. Shemeji yangu aliwahi kuyapanga upya kwa ajili ya picha za sikukuu!

Mwisho, baada ya kurudisha moto mahali pake, atafunga milango na madirisha yote, atauacha uwake kwa dakika kadhaa, kisha atapitisha kijiti cha moshi kando ya mdomo wa moto kuona kama moshi unavutwa ndani au unasukumwa chumbani. Kama jikoni mna feni ya kutoa hewa, aiwashe wakati wa kipimo hiki, kwa sababu feni ina nguvu ya kuvuta hewa chafu irudi chini kwenye dohani. Yote haya huchukua muda. Mtu aliyemaliza kwa dakika 10 hajafanya sevisi.

Nyumba nyingine, hasa zilizokuwa za kaunsili, zina boila iliyofichwa nyuma ya moto huo huo. Waulize. Kama ipo, vyote viwili vinahitaji kuangaliwa, na fundi anapaswa kujua hilo kabla hajaja.

Sevisi ni mara moja kwa mwaka, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine. Mimi huita fundi mwezi wa 8. Simu zao hazijajaa, na kama kuna kitu kimeharibika una miezi miwili ya kukitengeneza kabla ya baridi. Wanaosubiri theluji ianguke ndipo wapige simu, wanasubiri sana.

KADI KWANZA, UNDUGU BAADAYE

Kwa sheria ya hapa, mtu yeyote anayefanya kazi ya gesi nyumbani kwako lazima awe ameandikishwa Gas Safe Register. Zamani chombo hiki kilikuwa kinaitwa CORGI, na wengi wetu bado tunalitumia jina hilo, lakini kuanzia tarehe 1 Aprili 2009 Gas Safe ndiyo iliyochukua nafasi yake England, Scotland na Wales. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kadi ya CORGI leo, anakuonyesha kumbukumbu tu.

Kadi halali ina picha ya fundi, jina lake, namba ya leseni, na tarehe ya mwisho. Igeuze. Hapa ndipo wengi hawafiki. Nyuma ya kadi kumeandikwa aina za kazi anazoruhusiwa. Kuna mafundi halali kabisa wenye ruhusa ya majiko na boila ambao hawana ruhusa ya kugusa moto wa sebuleni. Angalia kama moto wa gesi umo. Ukiwa na mashaka piga Gas Safe 0800 408 5500 uwatajie namba ya leseni, watakuambia ni nani na anaruhusiwa nini.

Najua ugumu wa jambo hili kwetu. Unamwombaje kadi mtu mliyekutana msibani, ambaye alikuchangia mlipokuwa mnasafirisha maiti, na anakupunguzia bei? Unaona kama unamtukana. Mimi nimejifunza kusema hivi: "Kaka, samahani, bima ya nyumba inanitaka niandike namba yako ya leseni." Aliye na kadi anaitoa huku anacheka, na wako ndugu zetu wengi tu waliosomea kazi hii na wana kadi zao safi, hao wapeni kazi, tena mwasifie kwa wengine. Asiye nayo ataanza hadithi. Akianza hadithi, mwandalie chai, ongeeni habari za nyumbani, lakini asiguse ule moto. Yule kaka wa Leicester hakuwa mtu mbaya, na sisi tulikuwa tunampenda.

UKIWA MPANGAJI

Mwenye nyumba anawajibika kisheria, chini ya kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998, kuhakikisha vifaa vyake vya gesi na madohani yake vinakaguliwa na fundi wa Gas Safe kila baada ya miezi 12. Gharama ni yake, si yako. Lazima akupe nakala ya karatasi ya ukaguzi ndani ya siku 28 baada ya kufanyika, na kama ndiyo unaingia nyumba, akupe kabla hujahamia. Ukipewa, isome. Angalia kama moto wa sebuleni umetajwa kwenye orodha ya vifaa. Mara nyingine utakuta boila na jiko tu vimeandikwa, moto umerukwa.

Angalia pia kwamba ukaguzi na sevisi si kitu kimoja. Ukaguzi unathibitisha kwamba kifaa ni salama siku ile. Sevisi ni kukifungua na kukisafisha. Muulize mwenye nyumba kipi kimefanyika. Mwandikie, usiishie kumpigia simu, ili ubaki na ushahidi.

Akikataa au akikuzungusha kama sisi tulivyozungushwa, unaweza kumshitaki kwa HSE, ambayo ndiyo mamlaka ya usalama ya serikali, au kwa idara ya afya ya mazingira ya kaunsili yako. Wengi wanaogopa: nikilalamika atanitoa, au ataniulizia makaratasi yangu. Naielewa hofu hiyo. Nenda kwanza Citizens Advice, ni bure na ni siri, uwaeleze hali yako kabla ya kufanya chochote. Na wakati unangoja, usiuwashe. Hita ndogo ya umeme inakula pesa, lakini haitoi sumu hii.

Jambo jingine linalotuhusu sana sisi tunaobanana kwenye nyumba: je, kuna mtu analala sebuleni? Kanuni zina masharti makali zaidi kwa moto wa gesi ulioko kwenye chumba cha kulala. Moto wa kawaida unaotegemea hewa ya chumbani lazima uwe na kifaa kinachouzima wenyewe kabla sumu haijajaa, na moto mkubwa wa kupita kilowati 14 wa namna hiyo hauruhusiwi kabisa. Kwa hiyo mkigeuza sebule kuwa chumba, mwambieni fundi ukweli. Yeye hakuja kuhesabu vichwa.

Fundi akiona moto una hatari atakuomba ruhusa aukate na kubandika karatasi ya onyo. Mruhusu. Kuuwasha tena kwa siri kwa sababu usiku ni baridi ndiko kunakoua watu.

Kwa wenye nyumba zao wenyewe: gharama ni yako, lakini kama unapata baadhi ya misaada ya serikali na nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 5, mzee wa pensheni, mlemavu au mgonjwa wa muda mrefu, ipigie kampuni inayokuuzia gesi uulize kuhusu ukaguzi wa bure wa kila mwaka. Ni ukaguzi, si sevisi, lakini ni mwanzo.

KATI YA SEVISI NA SEVISI

Angalia ukuta wa juu ya moto na fremu yake: ukiona weusi, madoa ya kahawia au masizi mapya, zima. Ukiona madirisha yanatoka jasho kupita kawaida kila unapouwasha, zima uite fundi. Kuhusu rangi ya moto, mara nyingi tunaambiwa buluu ni salama na rangi ya chungwa ni hatari. Hiyo ni kweli kwa jiko na kwa moto wa kizamani wenye vigae. Lakini moto wa makaa ya bandia umetengenezwa uwake njano ili ufanane na makaa, kwa hiyo kwa huo rangi haikuambii lolote, angalia masizi.

Usizibe tundu la hewa la ukutani. Najua linaingiza baridi. Najua umelijaza matambara na juu ukabandika nailoni, maana na mimi nilifanya. Kuna chumba ambacho moto wake hauwezi kuungua vizuri bila tundu hilo. Na ukibadilisha madirisha ya zamani yaliyokuwa yanapitisha upepo ukaweka mapya yaliyobana, mwambie fundi, kwa kuwa nyumba imeacha kupumua kama zamani.

Nunua kengele ya kaboni monoksaidi. Bei ni kama paundi 15 hadi 30. Tafuta iliyoandikwa EN 50291, na iweke mahali maelezo yake yanaposema, sio ndani ya kabati. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 wenye nyumba England wanatakiwa kuweka kengele hii kwenye kila chumba cha kuishi chenye kifaa cha kudumu kinachounguza kitu, isipokuwa jiko la gesi. Scotland nako inatakiwa tangu mwezi wa 2 mwaka huo. Bonyeza kitufe cha majaribio kila wiki, na soma nyuma tarehe ya kwisha, maana hazidumu milele. Hata kama nyumba yako ni ya umeme mtupu lakini umeshikana ukuta na jirani mwenye moto, inunue. Sumu hupenya kwenye nyufa za dohani mnayochangia.

Nimeulizwa mara nyingi: mbona kengele inalia tukifukiza udi? Kwa sababu chetezo kina mkaa, na mkaa unatoa sumu ile ile. Kengele haijaharibika, inasema kweli. Fungua dirisha, fukiza kidogo, kisha toa chetezo nje, na mkaa wa shisha usikae ndani kabisa. Usitoe betri. Nimeingia nyumba tatu za watu wetu nikakuta kengele imelazwa kwenye droo pamoja na betri zake, imetolewa siku ya harusi na hakuna aliyekumbuka kuirudisha.

KENGELE IKILIA AU GESI IKINUKA

Kengele ikilia na hakuna udi wala mkaa, zima vifaa vyote vya gesi, fungua milango na madirisha, tokeni nje wote. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, usiwashe kiberiti, na simu ipigie nje. Funga gesi kwenye koki iliyo karibu na mita: geuza mkono wake hadi ukingame, ukikata bomba kwa pembe mraba. Ikiwa mita iko chini ya ardhi na huko ndiko kunakonuka, usishuke. Kwa hali zote mbili piga 0800 111 999, saa 24, bila malipo, kwa England, Scotland na Wales. Northern Ireland ni 0800 002 001. Watakaokuja wataifanya nyumba iwe salama, lakini hawatengenezi moto wako. Hiyo ni kazi ya fundi wa Gas Safe baadaye.

Andika namba hiyo kwa kalamu nene ubandike karibu na mita, pamoja na anwani yako na postikodi. Kwetu nimebandika pia mlangoni, chini, usawa wa macho ya mtoto, na bibi yao akija kutoka Tanga naye anaonyeshwa siku ya kwanza, kabla hata hajafungua sanduku.